Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na karatasi moja ya Mombasa

 

Mimi ni mkazi wa Kibaha. Kila Ijumaa baada ya swala hapa Maili Moja huwaona watu wametandika vipande vya turubai nje ya msikiti na kupanga juu yake vijitabu vya dini. Baadhi ya vijitabu hivyo vimetoka Kariakoo, lakini vingine vimeandikwa na walimu wa madrasa wa huku kwetu, Mlandizi, Kisarawe na vijiji vya njia ya Maneromango. Mwalimu ameandika mwenyewe, amelipa uchapaji kwa fedha yake, na sasa amekaa juani kuviuza mwenyewe. Wengi wao hurudi nyumbani na furushi lile lile walilokuja nalo. Nalijua jambo hili kwa kuwa yamenikuta. Miaka mingi iliyopita nilichapisha kijitabu kuhusu zaka, nakala 500. Mchapaji aliruka kurasa nne katika kila nakala, na nusu ya maboksi ikaliwa na mchwa chumbani kwangu kabla sijapata wa kuzinunua.

Basi juma lililopita kijana mmoja aliniuliza kama kuna mwanachuoni yeyote mkubwa wa Afrika Mashariki aliyepata kupita njia hii ya kuandika, kuchapisha na kusambaza kwa mikono yake mwenyewe. Nilimjibu kwamba wapo, na mmoja wao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Makala haya ni jibu langu kamili kwa kijana huyo.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa tarehe 27 Januari 1891. Ukoo wa Mazrui haukuwa ukoo mdogo. Wazee wake waliitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji huo kutoka mikononi mwao. Baada ya utawala kuondoka ilibaki elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mwenye msimamo mkali katika mambo aliyoyaamini, kiasi cha kutiwa gerezani na Sayyid Barghash wa Unguja, naye hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Huyo ndiye mzazi wa mtu tunayemweleza. Tulikumbuke hilo, kwa sababu mtoto aliyezaliwa katika nyumba ambayo mzee wake amefungwa kwa ajili ya maneno yake hukua akijua kwamba maneno yana gharama.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mtoto hakuwa ametimiza hata miaka minne. Mwaka uliofuata jamaa zake waliongozwa na Mbaruk bin Rashid katika vita dhidi ya Waingereza, vita vilivyokwisha mwaka 1896 kwa Mbaruk kukimbilia upande wa Wajerumani, yaani upande wetu huu wa Tanganyika. Al-Amin alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye mwanachuoni na kadhi. Kwake alisoma misingi ya dini, lugha ya Kiarabu na fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi.

Ili kuongeza elimu alivuka bahari mara kwa mara kwenda Unguja. Wakati ule Unguja ilikuwa na mabahari wawili wa elimu. Wa kwanza ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa kadhi. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa na chuo chake pale Ukutani. Masheikh hawa walifariki mwaka mmoja, 1925, na ni vigumu kumtaja mwanachuoni wa pwani wa zama zile ambaye silsila yake ya masomo haipiti kwa mmoja wao. Al-Amin aliwapata wote wawili.

Lakini kulikuwa na mwalimu mwingine ambaye hakukutana naye uso kwa uso, nacho ni karatasi. Tangu mwaka 1898 jarida la Al-Manar lilikuwa likitolewa Cairo na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh, na nakala zake zilisafiri kwa meli mpaka bandari zetu. Humo Al-Amin aliona jambo ambalo darasa za msikitini hazikuweza kulifanya: mtu mmoja amekaa na kalamu katika mji wa mbali, na maneno yake yanasomwa Java, India, Tunis na Mombasa katika mwezi mmoja. Ndugu wasomaji, leo tunalichukulia jambo hilo kuwa la kawaida. Kwa kijana wa Mombasa aliyezoea kitabu kinachonakiliwa kwa mkono kwa miezi, lilikuwa ni jambo la kushangaza.

Hapa inatubidi tusimame kidogo tuitazame hali ya uchapaji katika nchi zetu, maana bila ya hivyo hatutauona uzito wa alichokifanya. Waislamu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa: tenzi, barua, hati za mashamba, wasia. Kalamu ilikuwepo, mtambo ndio haukuwepo. Ni kweli kwamba Sayyid Barghash alileta mtambo wa kuchapa Unguja karibu na mwaka 1880, na vitabu vya dini vya madhehebu ya Ibadhi vikachapwa, lakini hivyo vilikuwa vya Kiarabu, kwa ajili ya wasomi. Kwa upande wa pili, misheni za Kikristo zilifika na mitambo yao. Misheni ya Waanglikana ya Unguja ilikuwa ikichapa Kiswahili tangu karne ya 19. Huku kwetu, Wajerumani wa misheni ya Berlin waliweka kituo Kisarawe katika miaka ya 1890, kisha Maneromango, na kuanzia mwaka 1910 Walutheri wakawa na gazeti lao la Kiswahili, Pwani na Bara. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo, Dar es Salaam. Mwaka huo huo padri mmoja wa Kiingereza, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyochapwa London.

Tulipime jambo hili. Ilipofika mwaka 1923 Mwislamu wa pwani aliyetaka kusoma maana ya Qur'ani kwa Kiswahili ndani ya kitabu kilichochapwa alikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kimeandikwa na mtu asiyeiamini. Aliyetaka gazeti la Kiswahili alichagua kati ya la serikali na la misheni. Sisemi haya kwa kuwalaumu misheni. Wao walikuwa na ujumbe wakautafutia mtambo. Swali lilikuwa juu ya wenye lugha yenyewe.

Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 39, Sheikh Al-Amin alilijibu swali hilo kwa njia nyepesi kuliko zote. Hakungoja kupata mtambo, wala mfadhili, wala jumuiya ya kumdhamini. Alichukua karatasi moja, akaijaza kwa mkono wake kwa Kiswahili cha Mombasa na kwa herufi za Kiarabu, ikanakiliwa, ikaenezwa mjini. Aliiita Sahifa, na maana ya neno hilo ni ukurasa. Jina halikudai zaidi ya kile kilichokuwepo. Wataalamu wa historia ya magazeti huihesabu karatasi hiyo kuwa ndilo gazeti la kwanza la Kiislamu katika lugha ya Kiswahili.

Kwa nini herufi za Kiarabu? Kwanza, ndizo alizozijua mtu yeyote aliyepita chuoni, mwanamume au mwanamke, hata kama hajakanyaga shule ya serikali. Pili, mwandishi wa khati hahitaji herufi za risasi. Anahitaji kalamu, wino na mkono uliotulia. Wachapaji wadogo wa leo watanielewa. Gharama kubwa ya kazi hii haiko katika kuandika, iko katika kila hatua inayofuata baada ya kuandika, na Sheikh alizikata hatua hizo kadiri alivyoweza.

Na kwa nini ukurasa mmoja? Hapa naona busara kubwa, na hii ni rai yangu. Mtu wa sokoni hatabeba juzuu, lakini karatasi moja ataikunja akaiweka kwenye kanzu. Halafu kulikuwa na baraza. Kwa desturi ya pwani, karatasi moja ikifika barazani baada ya alasiri husomwa kwa sauti na mmoja na kusikilizwa na kumi, na jioni hiyo hiyo imekwisha kufika majumbani kwa akina mama. Idadi ya nakala na idadi ya waliofikiwa ni vitu viwili tofauti. Mwandishi anayehesabu nakala zilizouzwa tu huvunjika moyo haraka, kama nilivyovunjika mimi.

Yaliyoandikwa ndani ya Sahifa hayakuwa ya kuwafurahisha wasomaji. Sheikh aliwaandikia watu wa pwani kuhusu mashamba yao wanayoyauza kwa bei ya kutupa na kisha kulalamika kwamba wageni wamewapita. Aliandika kuhusu fedha zinazomalizwa katika harusi na matanga, na familia zinazoingia katika deni ili jirani asiseme. Aliandika kuhusu vijana wanaoiga vazi na ulevi wa Wazungu lakini hawaigi bidii yao ya kazi wala ya kusoma. Aliwataka wazazi wawasomeshe watoto elimu ya dini na elimu ya dunia pamoja, na wasichana wasiachwe nyuma. Aliwataka Waislamu waache kugawanyika kwa makabila na koo. Na alizikosoa ada alizoziona hazina msingi katika Sunna, jambo lililomletea upinzani kutoka kwa masheikh wenzake. Mijadala mingine kati ya hiyo ingali hai, nasi katika ukurasa huu hatukukusudia kuiamua.

Mtu atauliza: alipata wapi ujasiri wa kuwaambia watu wa mji wake maneno makali kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni kwamba karatasi ilikuwa yake. Hakukuwa na mhariri wa serikali juu yake, wala tajiri aliyelipia uchapaji na ambaye harusi ya bintiye ingekuwa haramu kuisema. Katika zama zile hili lilikuwa ni jambo adimu. Mwandishi wa Mambo Leo alijua mipaka yake. Sheikh Al-Amin mipaka yake ilikuwa ni dini yake na uwezo wa mfuko wake.

Mwezi Februari mwaka 1932 alipiga hatua kubwa zaidi. Sahifa ilifuatiwa na gazeti la kila juma, Al-Islah, maana yake marekebisho au kutengeneza kilichoharibika. Hili lilichapwa kwa mtambo, na lilikuwa na kurasa za Kiarabu na za Kiswahili. Kwa Kiarabu alizungumza na wanachuoni na wafanyabiashara wa Kiarabu wa pwani yote, na kwa Kiswahili alizungumza na watu wote. Yale aliyokuwa akiyapokea kutoka Al-Manar ya Cairo sasa aliyatoa mwenyewe, kutoka Mombasa, kwa watu wake, kwa lugha yao.

Lakini gazeti la mtambo si karatasi ya mkono. Karatasi ya mkono ikichelewa hakuna anayeuliza. Gazeti la kila juma lina siku yake, lina mchapaji anayedai, lina posta, lina msomaji wa mbali anayesoma na kusahau kulipa. Al-Islah lilidumu takriban mwaka mmoja. Na ndani ya mwaka huo huo wa 1932 likatokea jambo lingine: Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kadhi katika Kenya ya wakati ule aliteuliwa na serikali na kulipwa na serikali. Ni cheo cha heshima, na mahakama ya kadhi ndiyo inayoamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Ni hasara mtu mwenye elimu akikikataa kikaenda kwa asiye na elimu. Hata hivyo mtumishi wa serikali hawezi kuwa na gazeti linalosema lolote analotaka. Aliyekuwa akiandika bila ya mtu juu yake sasa alikuwa na mtu juu yake. Kwa maoni yangu, Waislamu wa pwani walipata kadhi mwema wakapoteza gazeti, na wakati ule huenda wengi hawakuona kwamba wamepoteza kitu. Mwaka 1937 alipandishwa akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka kufa kwake.

Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Aligeukia vitabu vidogo ambavyo havina siku ya kutoka na havigusi siasa. Kimojawapo ni Hidayatul Atfal, na jina lake linaonyesha kimeandikwa kwa ajili ya nani: ni uongozi wa watoto. Aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, akiwaeleza Mazrui walivyoitawala Mombasa na walivyoipoteza. Hiyo ilichapwa miaka mingi baadaye, mwaka 1995, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Pia alianza kazi nzito kuliko zote, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyoandikwa na Mwislamu kwa ajili ya Waislamu. Hakuimaliza.

Mwaka 1944 yalikusanywa yale makala ya Sahifa na kutolewa Mombasa kuwa kitabu, Uwongozi. Kuna jambo moja katika kitabu hiki ambalo msomaji wa leo hupita juu yake bila kuliona. Sahifa iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Uwongozi kimechapwa kwa herufi za Kirumi. Katika miaka 14 tu mambo yalikuwa yamegeuka: shule za serikali zilifundisha herufi za Kirumi, Kiswahili sanifu kilikuwa kimewekewa kamati tangu 1930, na kizazi kipya cha vijana wa Kiislamu kilikuwa hakiwezi tena kuisoma karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya baba zao. Angeweza kung'ang'ania. Herufi zile zilikuwa za wazee wake na za Qur'ani yenyewe. Lakini maneno yaliandikwa ili yasomwe, na kwa hiyo yalihamishwa kwenda mahali wasomaji walipohamia.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwezi Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Miongoni mwa watoto aliowaacha alikuwamo Ali, mvulana wa miaka 14. Sheikh alikuwa amekusudia mwanawe huyo aende Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni kama wazee wake. Kifo kilikata mpango huo. Ali Mazrui alikwenda Uingereza na Marekani, akawa profesa mashuhuri wa siasa na mwandishi wa vitabu vingi kwa Kiingereza. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Fort Jesus.

Watoto wa elimu ni wengi zaidi. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1963 hadi 1968, aliifuata njia ya mwalimu wake ya kutoa vitabu vidogo vya Kiswahili chepesi, na katika miaka ya 1970 alianzisha gazeti la Sauti ya Haki. Aliyempokea ukadhi, Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, naye alijifunza kwa Sheikh Al-Amin. Huyu ndiye aliyeikamilisha kazi iliyobaki mezani kwa mwalimu wake, nayo ni kuifasiri Qur'ani yote kwa Kiswahili. Hakuitoa kwa mara moja. Aliitoa kwa vipande, sehemu baada ya sehemu, mpaka mwaka 1969 ilipotoka nzima Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu. Nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe zina nakala yake, imefungwa kwa kitambaa juu ya kabati. Sehemu ya kwanza ya tafsiri ya Sheikh Al-Amin mwenyewe ilichapwa Nairobi mwaka 1980, miaka 33 baada ya kufariki kwake.

Mwaka 2017 makala yake yalichapwa tena Leiden, Uholanzi, kwa Kiswahili na Kiingereza, chini ya uhariri wa Kai Kresse na tafsiri ya Kresse pamoja na Hassan Mwakimako. Ni kazi nzuri ya kitaalamu, na bei yake ni ya maktaba za vyuo vikuu. Mwalimu wa madrasa wa Maneromango hawezi kuigusa.

Nakala ya Uwongozi niliyoisoma mimi kabla ya kuandika makala haya ni fotokopi, imebanwa kwa pini na pembe zake zimeanza kukunjika. Niliazimwa na ustadhi mmoja wa Kisarawe, ambaye naye aliinakili kutoka fotokopi ya mwenzake. Amenitaka niirudishe kabla ya Ijumaa ijayo, kwa kuwa kuna watu wawili wanaoingojea.

Wabillahi tawfiq.